Tembo wa Chupani, Tembo la Kibuyuni

Kwa Kiswahili, tembo ni maneno mawili yaliyovaa shati moja. Kuna tembo huyu, mnyama mwenye mkonga, na kuna tembo hili, kileo kinachogemwa mnazini. Ukitaka kujua ni lipi linasemwa, sikiliza ngeli: tembo amekunywa maji, au tembo limetiwa maji. Huku kwetu pwani ya Kenya wengi tumeliacha neno hilo. Tunasema mnazi tu, na Wagiriama wanasema uchi wa mnazi (msicheke, ni neno la heshima). Mimi bado nalipenda lile la zamani, maana linaniruhusu kuweka tembo wawili kwenye meza moja: yule aliyechorwa kwenye lebo ya Tusker, na lile linaloshushwa mtini Kakuyuni.

Hii ni makala ya kuonja. Sina cheti cha kuonja, na cha chuo pia sina, niliacha mwaka wa pili. Nalipwa kwa makala, na makala ikichelewa kulipwa nakunywa maji ya mfereji kama kila mtu. Lakini kwa muda sasa nimekuwa nikinunua bia moja moja, za nje na za viwanda vidogo vya Nairobi, nikizionja polepole na kuandika kila nilichohisi. Halafu naenda Kakuyuni, wadi ya bara ya Malindi, safari ya pikipiki kutoka mjini, naonja mnazi kwa makini yaleyale. Swali langu ni moja: kwa nini bia tunazijadili, na mnazi tunaunywa tu?

Tuanze na za nje, kwa sababu Malindi ni mji wa kunywa vitu vya nje. Waitaliano wako hapa tangu enzi za kituo cha roketi cha San Marco kule Ngomeni, miaka ya 1960, na walipokuja walikuja na matumbo yao: pitsa, aiskrimu, kahawa chungu, na bia. Kwa hiyo Peroni na Moretti kwetu si ajabu. Nastro Azzurro ya Peroni ni bia kavu, nyepesi, yenye harufu ya majani makavu na mahindi kwa mbali, na inakatika mdomoni haraka kama mtu asiyetaka mazungumzo. Ni nzuri kwa samaki wa kukaanga. Lakini ukiinywa peke yake, chupa ya pili haina jipya la kukuambia.

Na hiyo "ya nje" yenyewe ni ya wapi? Peroni ilianzia Vigevano mwaka 1846, lakini tangu 2016 mwenyewe ni Asahi ya Japani. Moretti ni ya Udine, 1859, na tangu 1996 iko mikononi mwa Heineken ya Uholanzi. Sisemi hivyo ili kuidharau. Nasema kwamba unapolipia uitaliano wa ile chupa, sehemu kubwa ya unacholipia ni hadithi iliyobandikwa juu yake. Ladha nyepesi ya aina ile inaweza kupikwa popote penye maji safi na mashine nzuri. Hadithi ndiyo inayopanda meli.

Tusker nayo ina hadithi, na ni kali kuliko zote. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili walowezi, George na Charles Hurst. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina kwa kumbukumbu hiyo. Fikiria: aliyeua ndiye aliyechorwa. Kwa ladha, Tusker Lager ina utamu wa nafaka mwanzoni, uchungu kidogo mwishoni, na asilimia 4.2 ya kileo. Ikiwa baridi kabisa inakata kiu vizuri. Ikipata joto inaanza kunuka karatasi iliyolowa, na hapo ndipo mtu wa Malindi anajua kwamba bia hii inaishi kwa hisani ya friji. Sifa yake kubwa ni kutobadilika. Tusker ya Lodwar na Tusker ya Lamu ni ileile, ya mwaka jana na ya leo ni ileile. Ukifikiria maji, shayiri, joto na barabara za nchi hii, hilo si jambo dogo. Kuna watu wenye akili sana wanaolipwa ili kusitokee lolote.

Halafu kuna bia za krafti, zile zinazopikwa kidogokidogo na viwanda vidogo. Nairobi sasa ina kadhaa. Bateleur na 254 Brewing ni majina mtakayokutana nayo mkienda baa za vijana wenye mshahara. Hapa kweli kuna vitu vya kujadili. IPA niliyoinywa Nairobi ilikuwa na uchungu wa ganda la chungwa ukilitafuna, na chini yake harufu ya embe dodo ambalo bado siku mbili liive. Stauti niliyoifuata ilikuwa kahawa tupu, ile ya kuuzwa kwa vikombe vidogo na tangawizi, bila tangawizi. Nilifurahi, sitaficha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kunywa bia ikanilazimisha ninyamaze kidogo nifikirie.

Lakini mhudumu aliponiletea karatasi ya maelezo, niliona tatizo. Ati bia ina harufu ya msonobari, balungi na matunda ya misituni. Misitu gani? Mimi msitu ninaoujua ni Arabuko-Sokoke, na matunda yake si hayo. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, hayaoti kwa joto la pwani yetu, yanaagizwa kutoka nchi za baridi, na maneno ya kuyaeleza yanaagizwa pamoja nayo, kontena moja. Bia imepikwa Kenya lakini ulimi unaotakiwa kuionja umezaliwa kwingine.

Sasa, maneno hayo si upuuzi. Yana kazi, na kazi yake ni pesa. Kuna Mwingereza aliyeitwa Michael Jackson, si yule mwimbaji, ambaye mwaka 1977 alitoa kitabu cha kueleza bia za dunia kwa mitindo yake na mahali zinapotoka. Aliziandikia bia, hasa za Ubelgiji, kwa heshima ambayo watu walikuwa wakiiwekea mvinyo wa Ufaransa. Mojawapo ni lambic, ya bonde la mto Senne karibu na Brussels. Mpishi hatii hamira. Anayaacha maji ya kimea yapoe usiku kwenye sinia kubwa lililo wazi, hamira za hewani zije zenyewe, kisha anayaweka kwenye mapipa ya mbao miaka mmoja, miwili, mitatu. Matokeo yake ni bia chachu, inayonuka zizi kidogo. Mtu asiyeandaliwa anaweza kusema imeharibika. Mtu aliyesoma anasema ni hazina, anafunga safari hadi kiwanda cha Cantillon, kilichopo tangu 1900, na analipa bila kuuliza. Mwaka 2016 UNESCO iliuweka utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Niliwahi kuonja gueuze, yaani lambic za miaka tofauti zilizochanganywa, kutoka kwenye chupa ya mtu aliyerudi ng'ambo. Tuligawana wanne. Wenzangu walikunja uso. Mimi nilicheka, maana niliijua ladha ile. Ilikuwa binamu ya mnazi wa jioni.

Na mnazi ndio huu. Mgema anapanda mti asubuhi, kotama kiunoni. Karara ambalo lingefunguka likawa maua, na maua yakawa nazi, amelifunga kwa kamba lisifunguke, na kila akipanda analikata ncha kipande chembamba kama karatasi. Utomvu unadondoka kwenye chombo alichokining'iniza. Anarudi mara mbili, wakati mwingine mara tatu kwa siku, kwa sababu asipokata upya jeraha linafunga. Mti unaogemwa hivyo haukupi nazi kwenye karara lile. Umechagua kunywa badala ya kukuna. Hakuna anayetia hamira. Zipo tayari, kwenye kibuyu, kwenye mti, hewani, na zinaanza kazi kabla mgema hajashuka. Ndani ya saa chache sukari imegeuka kileo cha asilimia 4 au 5 hivi, karibu sawa na Tusker. Kufikia kesho yake bakteria wa siki wamechukua zamu.

Kwa hiyo mnazi hauna ladha moja. Una ratiba. Saa moja asubuhi ni mtamu, mzito kidogo, kama maji ya dafu yaliyotiwa asali, rangi ya maji ya kuoshea mchele. Saa nne unachemka: mapovu madogo yanapanda, utamu umepungua nusu, na uchachu wa maziwa lala umeingia na harufu ya ndizi iliyoiva hadi ngozi ikawa na madoa. Kwangu hapo ndipo kilele. Saa kumi jioni ni mkavu, mkali pembeni mwa ulimi, na harufu ya kiberiti inapita kwa mbali, kama mtu amewasha sigara chumba cha pili. Kesho yake ni siki, na siki yenyewe ni nzuri kwa kachumbari. Kinywaji kimoja, mti mmoja, mgema mmoja, na ndani ya siku moja umepita njia ambayo bia ingekugharimu chupa nne za aina nne. Kwa bei ya Peroni moja mjini, mang'weni tunakunywa watu watatu na chenji inabaki.

Hapo ndipo makala za aina hii huishia: mnazi ni bia yetu ya krafti, tuienzi, asanteni. Sitaishia hapo, kwa sababu sifa za jumla zinaudhuru mnazi kuliko matusi.

Mnazi mwingi ninaouonja ni mbaya. Kuna uliotiwa maji, ukiumeza unaacha mdomo mtupu. Kuna wa jana uliofufuliwa kwa sukari, unakupa utamu mbele na siki nyuma, bila chochote katikati. Kuna uliokaa kwenye mtungi wa plastiki ambao haujawahi kuoshwa vizuri, kwa hiyo unaanza safari ukiwa tayari umezeeka. Na kuna ule wa kawaida kabisa: mchuuzi amepita kwa wagema watano, wa asubuhi na wa jana jioni, wa mti mzuri na wa mti mchovu, vyote amevimimina pamoja. Wabelgiji nao wanachanganya, lakini mchanganyaji wao anaonja kila pipa kwanza. Wetu anaangalia mtungi umejaa au bado.

Kila mtu anaijua methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Shuleni tulifundishwa inamhusu mgema na kiburi chake. Ukiifikiria kama mlaji, inamhusu zaidi anayesifu. Kwani huyo msifu alikuwa wapi maji yalipotiwa? Kama angekuwa bado anaonja, angejua siku ileile. Alisifu mara moja, akaacha kupima, akaendelea kusifu kwa mazoea. Methali hii ilitungwa na jamii ambayo wengi wao ni Waislamu na hawanywi, na makala hii haiwaombi wanywe. Lakini waliiona kazi ya mgema kwa karibu kiasi cha kujua kwamba ubora hulindwa na mtu anayepima. Sifa peke yake hailindi kitu.

Na si kwamba kupima ni kitu kigeni Kakuyuni. Wazee wa Kigiriama wana ukosoaji wao, ila wameuweka kwenye sherehe. Mahari haijadiliwi bila uchi. Anayeleta huonja kwanza mbele ya watu, kuonyesha kinywaji ni salama, ndipo kibuyu na mrija vinazunguka. Mrija una kichujio cha nyuzi nchani, wadudu na taka vibaki nje. Uchi ukiwa mbaya siku hiyo unasemwa palepale, na aliyeuleta ameaibika yeye na ukoo wake. Yaani kipimo kipo, jopo lipo, adhabu ipo. Lakini ikifika siku ya kawaida, mang'weni, kipimo kinabaki kimoja tu: umelewa au bado?

Nilimuuliza mgema mmoja wa Kakuyuni, mtu mzima wa miguu iliyokomaa kwa kukanyaga vidato vya minazi, kwa nini wengine wanatia maji.

"Mwanangu," akasema, "mnazi wangu na wa jirani unauzwa bei moja. Mimi nikinoa kotama na kuosha vibuyu, bei moja. Yeye akitia maji, bei moja, na mtungi wake unajaa haraka."

"Sasa mzee, mbona wewe hutii?"

"Mimi naona aibu. Lakini mwanangu wa kiume haoni aibu. Yeye haoni hata sababu ya kupanda."

Niliyoyasikia hapo yalinikaa kuliko kitabu chochote cha bia. Mgema anapanda mti mrefu mara mbili tatu kwa siku, bila kamba, bila bima, na akianguka wiki nzima ya watu inaharibika, pengine maisha. Kwa kazi hiyo analipwa kwa lita. Mpishi wa IPA ya Nairobi akikosea wateja wanasema, akipatia wanasema pia, na bei inapanda. Mgema akipatia hakuna anayesema. Vijana wanaacha kupanda kwa sababu nyingi: pikipiki inalipa leo, shamba limeuzwa kwa wenye nyumba za kifahari, minazi imezeeka. Lakini moja ya sababu ni hii ya kimyakimya, kwamba ufundi usiotofautishwa na uzembe hauna maana ya kurithi.

Sheria nayo haitofautishi. Ile ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, tunayoijua kwa jina la Mututho, iliziwekea baa saa ya kufungua siku za kazi: saa kumi na moja jioni. Sina ugomvi na nia yake. Najua nyumba huku ambazo karo ya mtoto imeishia mang'weni, na mtu anayelewa kabla jua halijakaza hahitaji mshairi wa kumtetea. Nasema tu kwamba saa ile imepangwa kwa kufikiria chupa. Bia inaweza kungoja saa kumi na moja, hata mwezi mzima ingengoja. Tembo la asubuhi likifika saa hiyo ni kitu kingine, kikali zaidi na kibaya zaidi. Sheria inayotaka watu wanywe kwa kiasi ingepaswa kujua kwamba kwa mnazi kuchelewa ndiko kunakoongeza ukali.

Basi hukumu yangu. Kwa kutobadilika, Tusker inashinda na haina mpinzani. Kwa kufundisha ulimi, ile IPA. Mtu akikununulia, usikatae. Peroni ni ya samaki. Lakini kinywaji bora nilichoonja mwaka huu kilikuwa mnazi wa saa nne wa yule mzee mwenye aibu, na kibaya kuliko vyote kilikuwa mnazi pia, kilomita chache kutoka pale, bei ileile.

Pengo hilo ndilo linalohitaji maneno, na tunayo. Mtamu, mkali, uliolala, uliofufuliwa, wa mti mmoja, wa mtungi mchanganyiko, wa saa nne. Ukienda Kakuyuni, au mang'weni popote kutoka Kaloleni hadi Malindi, na umeshatimiza miaka 18, uliza maswali matatu kabla hujatoa pesa: nani amegema, saa ngapi, na umebebwa kwenye chombo gani. Muuzaji atakuangalia kama mtu wa serikali. Uliza tena, kwa heshima, umwite mama kama ni mama. Ukionja ukakuta ni mzuri, ongeza kumi na useme kwa nini umeongeza. Ukikuta umetiwa maji, sema pia, palepale, kabla ya kumaliza.